Kanisa la Namkuyu na Mvua za Mwaka Huu

Jumatatu, 12 Januari

Mvua tangu alfajiri. Wateja wawili, wote pasipoti saizi. Wa pili alisinzia kitini nikimpangia taa, nikamwonea wivu.

Baba hakulala vizuri, kwa hiyo nami sikulala. Tangu alipopata kiharusi anasikia watu mlangoni. "Fatemazehra, kuna mgeni." Naamka, nafungua, namwonyesha baraza tupu, nafunga. Farida, anayekaa naye mchana ninapokuwa studio, ananishauri nimjibu tu kwamba mgeni ameshaondoka. Bado sijaweza kumdanganya.

Alasiri aliingia padre mmoja kijana, viatu vimejaa tope jekundu. Padre Josephu. Kanisa la kigango chake cha Namkuyu, kule mbele ya Mahurunga, linatimiza miaka mia mwaka huu, na waumini wanataka picha yake kwenye kalenda na kwenye vitenge vya jubilei. Lionekane lote juu ya kilima, mto nyuma yake, bahari kwa mbali. "Na anga la bluu," akaongeza.

Nikamwambia hilo la anga aliombe yeye, ndiye mwenye kazi ya kuomba. Akacheka. Nimekubali kwa sababu nataka kutoka mjini hata kwa nusu siku.

Alhamisi, 15 Januari

Nimelichukua pikapu la Baba hadi lilipogoma kupanda, nikamalizia kwa miguu na stendi ya kamera begani. Kilima si kirefu lakini kimesimama wima, na njia yake imekuwa mfereji.

Kanisa ni zuri. Naliandika hilo mapema, kabla sijalichoka. Ni la mawe na chokaa, jembamba, na ukuta wa mbele umepanda juu kuliko paa, umeachiwa dirisha la kengele kileleni. Nyuma yake ardhi inashuka ghafla, na unauona Ruvuma ukijigawa vipande vipande kwenye mikoko kabla haujafika baharini. Leo nyuma yake niliona maziwa matupu: ukungu.

Mwenye funguo ni mama aliyevuka makamo, mjane, anaitwa Yustina. Alinitazama kamera, kisha miguu, kisha uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni binti wa Mohamedali wa studio?"

"Ndiye mimi."

"Baba yako alinipiga picha siku ya kipaimara. Akaniambia nifunge mdomo, meno yanatokeza." Akafunga mdomo kunionyesha. "Mzima?"

"Yupo."

"Yupo," akarudia, kama mtu anayejua maana ya neno hilo.

Mahali pazuri pa kupigia ni shambani kwake, kwenye mteremko unaotazamana na kanisa, kando ya kisiki cha mkorosho. Baba alinifundisha kwamba kitu kikubwa hakizungukwi: tafuta pa kusimama, kisha usihame, subiri nuru. Nimeweka mawe pale miguu ya stendi ilipokaa ili nikirudi nisimame palepale.

Jumatatu, 19 Januari

Nilikwenda. Ukungu. Nilirudi.

Ijumaa, 23 Januari

Mvua. Baba amekataa chakula mchana. Jawad, kaka yangu, amepiga simu kutoka Dar: nifunge studio, nimhamishie mzee kwake. Amesema kila mtu siku hizi ana kamera mfukoni. Ni kweli.

Jumanne, 27 Januari

Nilikwenda. Jua lilitoka nikiwa Naliendele, likaingia ndani nilipofika Mahurunga. Nimepiga hivyohivyo. Mama Yustina alinipa muhogo wa kuchemsha, tukala tumesimama chini ya upenu wake.

Jumamosi, 7 Februari

Safari ya ngapi sijui. Kijivu. Mama Yustina ameacha kuniuliza kama nimepata. Ananiuliza habari za Baba, nami nashangaa ninavyomjibu: kwamba ananikasirikia nikimwogesha, kwamba jana aliniita kwa jina la mama. Mjini sijamwambia mtu. Yeye alimuuguza mumewe mpaka mwisho. Hatoi pole nyingi. Anauliza, "Mgongo umechubuka?" na "Unamgeuza?" Maswali ya mtu wa kazi hiyo.

Halafu akachukua ufagio wake akaanza kukipanda kilima. Kila siku anakipanda, kanisa lina ibada au halina.

Alhamisi, 19 Februari

Jana wao walipakwa majivu, leo sisi tumeanza kufunga. Nilimkuta Mama Yustina hajapika chochote.

"Nyinyi hamnywi hata maji," akasema.

"Lakini sisi ni siku thelathini tu."

"Sisi arobaini, na maji tunakunywa." Akafikiri. "Mungu atajua mwenyewe anavyozigawa."

Tulikaa tukaitazama mvua ikija kutoka upande wa Msumbiji. Ilichukua muda wake. Nilipiga picha kabla haijafika, kisha nikafunika kamera, na kwa kitambo nikasinzia nimeegemea nguzo yake. Hakuniamsha.

Jumatano, 25 Februari

Saumu, mvua, Baba. Hakuna zaidi.

Jumanne, 3 Machi

Nimechoka kusubiri anga, nikaamua kuliiba. Vijana wote wanafanya hivyo: unachukua kanisa la siku moja na mawingu ya siku nyingine, unayaunganisha kwenye kompyuta, na mwenye kalenda hajui. Picha ya mwezi wa kwanza ina mwanga mzuri ukutani, ya siku tuliyoanza kufunga ina upande mmoja wa anga uliopasuka. Nikazilaza moja juu ya nyingine.

Mawe yalilingana. Mpapai ulilingana. Madirisha ya ubavuni, paa, hata msalaba wa kaburi lililo kando ya njia, vyote vilikaa juu ya vyenzake kama kitu kimoja. Ukuta wa mbele ulikataa. Chini umekaa sawa, juu umejitenga, kama picha ya mtu aliyetikisika.

Nikadhani ni stendi. Nikatoa picha za siku zote, nikazilaza kwa mfuatano. Ukuta unaondoka. Polepole, kutoka picha hadi picha, kileleni, palipo na kengele, unaegemea nje, upande wa ngazi na mlango ambako watu huingia.

Nilisahau kufuturu mpaka Farida aliponiletea tende.

Alhamisi, 5 Machi

Nimekwenda na Padre Josephu. Alizitazama picha kwenye simu yangu kwa muda mrefu, kisha akaufuata ukuta kwa kidole mpaka akakuta ufa pale unapoungana na ukuta wa ubavuni. Mlango ukiwa wazi ulikuwa unauficha. Tulipoufunga, mkono wangu uliingia ufani hadi kifundoni.

Mwenyekiti wa kigango, Mzee Baraka, alikuja na watu wake. Ni mtu mzima mwenye adabu, si mjinga.

"Ufa huu nimezaliwa nao," akasema. "Mvua inaufungua, jua linaufunga."

"Mwaka huu jua hakuna, mzee," nikasema.

"Tutauziba."

Padre akauliza kama ibada zingeweza kuhamia nje kwa muda. Wakatazamana. Pasaka ya jubilei. Watu watatoka hata Mtwara mjini, hata Masasi. Babu zao waliyabeba mawe haya kutoka mtoni. Padre ana vigango vingi na pikipiki moja. Nilimwona akipima ugomvi huu kwa nguvu alizobaki nazo. Akasema wazibe kwanza, tuone.

Mama Yustina alisimama nyuma na funguo zake. Wenzake walipoondoka alinijia.

"Ulikuja kupiga picha au kutubomolea kanisa?"

"Mama, mimi nimeona tu."

"Nami nalifagia kila siku. Mimi sioni?"

Leo hapakuwa na kukaa uani.

Alhamisi, 12 Machi

Maneno yamefika mpaka sokoni. Muuza mchele ameniuliza, kwa sauti ya utani, kwa nini nataka Wakristo wafungiwe kanisa. Jawad amesikia, sijui kwa nani, akapiga simu. "Achana nalo, Fatema. Ukikosea utakuwa adui, ukipatia utakuwa mchawi."

Huo ndio ushauri wake wa kwanza ambao nimeona una akili. Nilitaka kuufuata. Nilikuwa na sababu zote: saumu, Baba, uchovu ambao sasa nausikia hadi kwenye fizi.

Jumamosi, 21 Machi

Idi. Nimempiga Baba picha amevaa kanzu mpya. Farida amekuja na wanawe, nyumba imepata kelele kidogo. Mama Yustina hakupiga simu, wala sikumtegemea.

Jumanne, 24 Machi

Nilikwenda bila kumwambia mtu. Nimesimama kwenye mawe yangu, nimepiga, kisha nikapanda mpaka kanisani. Saruji waliyozibia ufa bado ina rangi mpya, na katikati yake umepita ufa mwingine, mwembamba, safi, tangu chini hadi nisipoona. Nikaupiga picha nao.

Jumamosi, 28 Machi

Nimezisafisha picha kwa ukubwa wa ukurasa, zote, na ya saruji. Kesho ni Jumapili ya Matawi.

Nilimkuta Mama Yustina akimenya muhogo. Nilimwamkia, akaitika. Nilizipanga picha kwenye mkeka mbele yake, ya kwanza hadi ya mwisho, nikakaa.

Aliendelea kumenya. Kisha akafuta mikono kwa kanga, akaichukua ya kwanza, akaichukua ya mwisho, akazishika pamoja kwenye mwanga. Alizitazama kwa muda mrefu sana. Niliusikia upumuaji wake.

"Nilijua," akasema.

Akairudia ya kwanza.

"Tangu mwaka jana. Nikifagia pale mlangoni naokota chokaa. Kila asubuhi chokaa. Naizoa, naitupa shambani, nasema ni uzee wa jengo." Akaziweka picha chini. "Mume wangu alitolewa pale kwenda kuzikwa. Watoto wangu wawili walitolewa pale, wadogo. Nikisema linaanguka, nitakwenda wapi?"

Nikaziokota picha, nikazipanga upya.

"Baba yako je? Anaanguka?"

Swali lilinikuta sijajiandaa. Nikasema ndiyo. Nikasema mwaka huu hatauvuka, na kwamba Farida anajua, Jawad anajua, na mimi kila siku namwambia daktari kwamba ana nafuu. Sijawahi kulisema hilo hata peke yangu. Mama Yustina aliitikia kwa kichwa, akanisogezea kisu cha pili, tukamenya muhogo mpaka ukaisha.

Jumapili, 29 Machi

Naandika nimekaa chini, karibu na kitanda cha Baba. Nieleze kwa utaratibu, maana siku imenichanganya.

Nilifika asubuhi, watu bado wako bondeni wanakusanyika na matawi yao. Mama Yustina alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kanisa, mgongo kwenye mlango, chini kabisa ya ukuta ule.

"Mama, si hapo. Kaa pembeni."

"Nikikaa pembeni watapita."

"Unaegemea upande huu."

"Ndiyo maana niko upande huu."

Nilimvuta mkono. Alikuwa mzito kama amemwagiwa zege. Wimbo ulianza kupanda kilima. Nilirudi kwenye mteremko wangu, nikasimama nyuma ya kamera kwa sababu sikujua pengine pa kusimama.

Maandamano yalifika, yakakwama. Watoto walisukumwa na wakubwa walio nyuma. Mzee Baraka alikuja mbele. Kutoka upande wangu mpaka pale si mbali, nilisikia yote.

"Mama Yustina, ufunguo."

"Ninao."

"Basi fungua."

"Sifungui."

"Watu wanangoja."

"Wangoje. Baraka, mimi na wewe tumebatizwa humu. Nenda pale kwenye kona ukatazame saruji yako."

"Ametiwa maneno na yule Mhindi," mtu akasema. Vichwa vikageuka vikanitazama ng'ambo. Sikuijua kazi ya mikono yangu. Nikaishika kamera.

Vijana wawili wakamsogelea kumwinua. Mama Yustina akafunga mikono yake kwenye komeo la mlango. Akina mama wakaanza kupaza sauti, wengine kwa Kimakonde, wengine wakiwakemea vijana, wengine wakimkemea yeye. Mlango ulipotikisika nilikiona kipande cha chokaa kikidondoka kutoka juu, kidogo, hakuna aliyekigundua isipokuwa mwanamke mmoja aliyejipangusa bega.

Padre Josephu alifika wakati huo, pikipiki imemmwagia tope mpaka kifuani. Hakuuliza kitu. Alimtazama Mama Yustina, akaangalia juu, akawatazama watu. Nilijua anachofikiri: kwamba neno moja lingemwondoa yule mama pale, na ibada ingeanza, na angekuwa na amani na wote.

"Misa itakuwa kule chini," akasema. "Shambani kwa Mama Yustina. Tuteremke, watoto kwanza."

Waliteremka. Wengine walirudi makwao palepale. Mvua ilianza wakati wa kusoma Mateso, na somo lile, nimejifunza leo, ni refu. Walisimama wote. Mtu alimshikia Padre mwavuli, wengine waliweka matawi vichwani. Muhogo wa mama wa watu ulikanyagwa wote.

Ibada iliisha, kanisa bado limesimama. Kijana mmoja akapanda, akalipiga ukuta kofi. "Limeanguka?" Watu wakacheka, hata waliokuwa upande wetu. Kisha Mzee Baraka, bila ukali, akanyoosha mkono. Mama Yustina akafungua fundo la kanga yake, akampa funguo mbele ya wote.

Nilitaka kumsemesha. Akasema, "Nenda kwa mzee."

Nilimkuta Farida analia barazani. Baba alikuwa ameanguka kutoka kitandani. Mfupa haukuvunjika, lakini shavu lote limevimba, jicho limefunga. Aliponiona akauliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa kazini. Akauliza kama nimepata picha.

"Sijapata, Baba."

"Rudi tena," akasema.

Jumatatu, 30 Machi

Studio imefungwa. Nimekaa na Baba.

Jumatano, 1 Aprili

Mama Yustina amepiga simu adhuhuri. Hakunisalimu.

"Limekaa chini."

"Nani ameumia?"

"Hakuna. Akina mama walikuwa wamemaliza kufagia kwa ajili ya Alhamisi Kuu. Wako nusu ya kilima wanashuka, wanacheka. Mimi niko shambani nainua muhogo wangu. Sikusikia kishindo nilichokitegemea. Ilikuwa kama mtu kutua gunia. Kisha kengele, mara moja."

Ukuta wote wa mbele umelala juu ya ngazi. Kuta za ubavuni na altare zimebaki. Sasa mtu anaiona altare kutoka shambani.

"Baraka ameniletea funguo," akasema. "Nikamwuliza, za mlango gani?"

Nilidhani anacheka. Alikuwa analia, nami nikakaa na simu sikioni mpaka alipomaliza.

Alhamisi, 2 Aprili

Sikuhisi ushindi wowote. Nimelala mchana kwenye kiti cha wateja.

Jumatatu, 6 Aprili

Padre amekuja studio. Jana Pasaka ilifanyika shambani, watu wengi kuliko walivyotegemea. Mzee Baraka amenitumia salamu na korosho za kukaanga. Hakuongeza neno, nami naona zinatosha. Padre ameuliza ipi ni picha nzuri kuliko zote, maana sasa hakuna nyingine itakayopigwa. Nimempa ya kijivu ya mwezi wa pili, mvua ikija kutoka ng'ambo, ukuta bado umenyooka kwa jicho la kawaida. Anga sikuligusa. Aliitazama akasema, "Ndivyo lilivyokuwa," akaiingiza ndani ya shati lake.

Nimempigia Jawad. Nimemwambia aje, asingoje Idi ya pili. Akauliza hali ikoje. Nikamwambia hali ilivyo.

Jumatano, 8 Aprili

Asubuhi Farida amenijulisha kuna mgeni mlangoni, na kwa mara ya kwanza palikuwa na mgeni kweli. Mama Yustina, amevaa gauni lake la kanisani, na mkoba wa ukili.

"Nimekuja kukaa na mzee siku chache. Wewe ulale."

Nikamwambia haiwezekani, nikamwambia ametoka mbali, nikamwambia Baba ni mkali kwa wageni. Alikuwa ameshavua viatu. Nilimsikia chumbani akimwambia Baba kwamba yeye ndiye yule msichana wa meno, na Baba akimwambia kwa hasira afunge mdomo.

Nililala. Nilipoamka jua lilikuwa limeshavuka dirisha, shuka limeniachia mistari usoni. Mama Yustina alikuwa amelala kwenye mkeka upande wa pili wa kitanda changu, macho wazi.

"Kigango kimekaa kikao," akasema. "Wanataka kujenga jipya. Wazee wanasema juu palepale. Vijana wanasema chini, barabarani."

"Na wewe?"

"Nimekipanda kile kilima kila siku tangu nikiwa bibi harusi. Usimwambie Padre." Akayakunja magoti yake taratibu, moja, kisha jingine. "Chini. Mimi nasema chini."

Tukacheka bila sauti, kama watoto wanaojificha, mpaka machozi yakatutoka, na ya kwake yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Sikumbembeleza. Yeye hakunifundisha hivyo.

Baba akaita kutoka chumba cha pili. Nikaanza kujiinua. Tukatazamana. Akaniwekea mkono begani, akanirudisha chini, akaenda yeye.